Kiganja Juu ya Jiko

Wasifu wa marehemu dada yetu, mfuatiliaji wa miradi (1958–2024)

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi akina mama mliofunga majiko yenu leo mkaja kumsindikiza. Marehemu aliagiza wasifu wake uandikwe na kaka yake, fundi wa majiko, naye ndiye anayeusoma hapa mbele yenu. Wako waliosoma zaidi katika familia hii. Mmoja wao, binti wa marehemu aliye mwalimu wa hesabu, amesahihisha herufi na kuyaacha maneno yalivyo, ingawa alikunja uso mara mbili tatu.

Agizo lenyewe lilikuwa fupi. "Kaka, usinifanye malaika," alisema. "Andika ulichokiona. Na ulipokosea wewe, andika pia, maana ukiparuka hapo watu hawatajua mimi nilikuwa nafanya kazi gani." Kwa hiyo mtuwie radhi ikiwa wasifu huu utamtaja kaka mara nyingi kuliko ilivyo kawaida. Ni agizo la marehemu mwenyewe.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, alfajiri, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Baba alikuwa fundi wa msumeno kiwandani hapo na mama alikuwa mshonaji wa nguo za shule. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Kaka yake alikuwa na miaka mitano, na mpaka asubuhi ile mgongo wa mama ulikuwa wake peke yake. Mkunga alimwinamia na kile kifurushi cha nguo, akamuuliza, "Haya, kaka mtu, umempenda mdogo wako?" Kaka akakitazama kwa muda, kisha akauliza, "Anarudi kwao lini?" Mama aliisimulia habari hiyo mpaka uzeeni, na kila alipoisimulia watu walicheka, isipokuwa mmoja.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, shule ile iliyo kando ya reli. Hapa pana jambo. Novemba ya mwaka uliotangulia, msumeno ulikuwa umechukua vidole viwili vya mkono wa kulia wa baba. Kaka alikuwa amemaliza darasa la nne, na hakurudi tena. Wiki ile ile dada yake alipovalishwa sare mpya iliyoshonwa na mama mwenyewe, yeye alikabidhiwa fagio na gunia, akaanza kufagia maranda chini ya mashine. Kila asubuhi alimwona kwenye uwazi wa uzio anapita na mkoba wake, viatu vinang'aa, anahesabu nguzo za uzio kwa kidole. Hakumchukia. Lakini alikionea kijicho kile kidaftari chake chenye jalada la buluu, na wivu wa mtoto hauna pa kujificha.

Siku moja kaka akalichukua lile daftari, akalifukia ndani ya gunia la maranda. Dada alitafuta siku mbili, akalia, akachapwa na mwalimu. Siku ya tatu roho ikamsuta kaka, akalirudisha mkobani kimyakimya. Jioni dada akamfuata uani.

"Kaka, daftari limerudi."

"Vizuri."

"Linanuka msonobari."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hakuna. Nimekwambia tu."

Hakumwambia mama wala baba. Alikuwa na miaka minane. Hiyo ndiyo tabia aliyokuwa nayo mpaka mwisho. Aligundua kila kitu, na hakuwa na haja ya kumwona mtu anaadhibiwa.

Mwaka 1969, alipokuwa darasa la tano, mkaguzi alikuja shuleni. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya gwaride na kueleza jinsi shule ilivyopanda miche mia mbili ya miti. Mkaguzi akapiga makofi, kisha kwa bahati mbaya ya mwalimu mkuu akamgeukia mtoto aliyesimama mbele. "Na wewe ulipanda?" Marehemu akajibu, "Ndiyo, shikamoo. Kupanda tulipanda mia mbili. Iliyopo ni thelathini na mmoja. Nilihesabu juzi." Alipigishwa magoti kutwa nzima. Lakini mwaka uliofuata mwalimu mkuu yule yule alimpa yeye kazi ya kupanga zamu za kupanda upya na kumwagilia, na alipomaliza darasa la saba miti iliyopo ilikuwa mia na sitini. Ile inayofunika ukumbi wa shule leo ni hiyo.

Alisoma sekondari mwaka 1972 hadi 1975, kisha chuo cha ustawi wa jamii miaka mitatu, akapata cheti Desemba 1978. Sherehe ilifanyika uani. Kaka alitengeneza mabenchi yote yaliyokaliwa siku ile, kumi na manne, na hakuna aliyeuliza yametoka wapi.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984 na karani wa posta, mtu mpole wa maneno machache, ambaye tuko naye hapa. Miezi sita baada ya harusi alikuja kumsalimia mama. Mama akamvuta pembeni, "Niambie, mwanangu, mume mzuri?" Akajibu, "Mama, bado namfuatilia." Alimfuatilia miaka arobaini na wiki nane. Walijaliwa watoto wawili. Kaka alimpenda shemeji yake, na alimwonea wivu pia, kwa kuwa mazungumzo ya jioni ambayo zamani dada alimletea yeye uani, sasa yalikuwa na mwenyewe.

Sasa kazi. Kwa miaka kadhaa marehemu alikuwa karani katika idara ya ustawi. Mwaka 1986 kaka yake alikuwa amejiunga na shirika moja lililojenga majiko ya udongo yenye bomba la kutolea moshi, ili akina mama waache kukohoa na watoto waache kuumwa macho. Alijifunza haraka, mikono yake ilikuwa ya baba, akawa fundi mkuu. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na kitu ambacho dada yake hakuwa nacho. Watu barabarani walimwita Fundi. Mwaka 1988 ofisini pakatoka nafasi, na yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea dada habari, akidhani ni nafasi ya kushughulikia mafaili na chai. Kumbe ilikuwa nafasi ya ufuatiliaji na tathmini. Maana yake, kaka ajenge, na dada aje nyuma yake kuuliza kama alichojenga kinafaa. Mke wa kaka alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini. "Umemtafutia wifi kazi ya kukukagua wewe!"

Alikuta fomu yenye maswali sitini na manne. Wiki ya kwanza aliandamana na kijana wa ofisini aliyekuwa akimuuliza bibi mmoja, mjane, nyumba ya tatu toka kisimani, "Bibi, kwa kipimo cha moja hadi kumi, furaha yako juu ya jiko ni ngapi?" Bibi akamtazama, akasema, "Mwanangu, hebu anza wewe. Yako ngapi?" Marehemu alirudi ofisini akapigania fomu hiyo mwezi mzima, ikabaki na maswali matano. Nani anapika hapa? Leo umepikia wapi? Jana je? Nini kinakusumbua? Ukipewa kubadilisha kitu kimoja, utabadilisha nini? Mkurugenzi alilalamika kuwa maswali matano hayajazi ripoti. Akamjibu, "Bosi, yale sitini yaliijaza, na hakuna mtu hapa anayekumbuka jibu hata moja."

Lakini kabla ya kuuliza swali lolote alikuwa akiingia jikoni, anasalimia, anaomba ruhusa, kisha anaweka kiganja cha mkono wa kushoto juu ya jiko. Basi. Likiwa na moto wa asubuhi, atajua. Likiwa la baridi tangu juzi, atajua. Hakuja kwa miadi. Alipita Jumatatu, akapita tena Alhamisi, akapita mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi. Na baada ya kuandika alirudi, kitu ambacho watu wa ofisi hawakuwa na mazoea nacho. Aliwakusanya akina mama na kuwasomea walichosema, kabla ofisi haijakiona, wamsahihishe. Ndipo alipopata jina la Kiganja. Watoto waliimba njiani, "Kiganja kaja, Kiganja kaja!" Kaka, aliyekuwa amejenga kila jiko katika mtaa ule, alipita na udongo wake begani na hakuimbiwa.

Ilimuuma. Tuseme ukweli, ilimuuma kama jino. Alijenga jiko siku tatu, mgongo unakatika, mwenye nyumba anasema asante. Dada yake anakuja dakika tano, anaweka kiganja, anawekewa kiti, anaulizwa habari za watoto, anashikwa mkono mpaka barabarani. "Hivi wao wanaona nani ndiye mjenzi?" alimuuliza mkewe. Mke akasema, "Wewe unawaachia jiko. Yeye anawauliza habari zao." Kaka hakuongea naye mpaka kesho yake.

Tunafika kwenye siku ya Jumanne, tarehe 8 Juni 1993. Wageni waliofadhili mradi walikuwa wanakuja kuona majiko arobaini na mawili ya mtaa wa kisimani. Wiki moja kabla, kaka alisikia ofisini kwamba katika daftari la dada yake majiko mengi yalikuwa ya baridi. Hakumuuliza ni mangapi, wala kwa nini. Alichokiwaza ni kwamba mdogo wake anakwenda kumwaibisha, na kwamba baada ya hapo watu watakuwa na sababu ya kumwimbia dada peke yake.

Asubuhi ya siku hiyo kaka alitoka na gunia la maranda kutoka kiwanda cha zamani cha baba. Aliingia nyumba moja baada ya nyingine. "Naangalia bomba kama linavuta," aliwaambia wenyewe, akawasha, akatoka. Aliwasha majiko thelathini na matatu. Kufikia saa nne yote yalikuwa ya moto, na yeye alikuwa amesimama kisimani na kofia mpya, anawasubiri wageni kama bwana harusi.

Wageni wakaja. Marehemu akaingia nyumba ya kwanza, kiganja, moto. Ya pili, moto. Akamtazama kaka yake kidogo. Wageni wakapiga picha. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya yule bibi mjane. Marehemu akaweka kiganja, moto. Akainama, akaokota kitu kwenye mdomo wa jiko, kipande kidogo cha randa kilichojikunja, hakijaungua. Akakinusa. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na aliona kila kitu, na alijua kabisa kinanuka nini.

Marehemu alikitia mfukoni kile kipande. Kisha akauliza swali lake lile lile la siku zote.

"Bibi, leo umepikia wapi?"

"Mimi? Mimi bado sijapika, mwanangu. Nitapika mchana huko nje, kwenye mafiga yangu."

Mgeni mmoja, mkalimani alipomnong'oneza, akauliza, "Na huu moto je?"

"Huu? Huu ni wa kaka yake huyu," bibi akasema, akimwonyesha Fundi kwa furaha kabisa. "Kaja asubuhi kunipashia nyumba joto. Kijana mwema sana. Kawapashia na majirani."

Watu walicheka. Mkurugenzi hakucheka. Kaka alitoka akaenda mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma, na kofia yake ilianguka njiani wala hakuirudia.

Alasiri dada yake alimfuata, amembebea ile kofia.

"Umenivua nguo mbele ya wageni," kaka alisema.

"Kaka, mimi nimeuliza kapikia wapi. Ndilo swali langu kwa kila mtu."

"Ungeweza kuliruka leo."

"Ningeliruka leo, wangeondoka na furaha, na wangejenga mengine mia mbili ya hivi hivi. Yote ya kutunzia sufuria."

"Kwa hiyo majiko yangu ni ya kutunzia sufuria!"

"Sijui ni ya nini. Ndicho nilichotaka kujua. Sasa, kwa nini hawayapikii?"

"Waulize wao, si ndio marafiki zako."

Akaiweka kofia juu ya benchi, akaondoka. Kaka hakusema naye tena kwa muda wa miezi mitano.

Wageni, kinyume cha alivyodhani kaka, hawakufunga mradi. Walimwomba marehemu atafute sababu, naye akaomba wiki tatu. Wiki hizo hakuuliza mtu chochote. Alikaa kwenye kigoda, jikoni kwa huyu, uani kwa yule, anachambua mboga pamoja nao na kutazama. Mwisho akaitisha mkutano ndani ya ukumbi wa shule, na mkurugenzi akamlazimisha kaka ahudhurie. Alikaa nyuma kabisa. Marehemu akafungua daftari, akasoma kwa sauti ya kawaida: "Majiko arobaini na mawili. Yanayopikiwa kila siku, tisa. Si fundi mbovu, udongo hauna ufa hata mmoja. Nimeona mnapikia nje na wote mnatazama upande mmoja. Nisahihisheni kama nimekosea."

Kisha yule bibi akanyoosha mkono.

"Hujakosea. Fundi, uko wapi? Simama tukuone. Ulipokuwa unanijengea, wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Kaka akasimama. "Natazama ukutani, bibi. Bomba liko ukutani."

"Basi ndiyo maana! Mimi nikipika nautazama ukuta, mlango uko kisogoni. Mjukuu anatambaa, simwoni. Mbuzi anaingia, simwoni. Jirani anapita na habari zake, simwoni! Miaka sitini napika nikitazama mlango, leo unanigeuza kama mtoto mwenye adabu mbaya."

Mkutano mzima ukaangua kicheko, na mama mwingine akadakia, "Mie ugali uliungua kwa ajili ya kugeuka geuka." Kila mmoja alikuwa na lake, na yote yalikuwa yale yale. Hakuna aliyewahi kuwauliza wanatazama wapi wanapopika. Fundi aliwauliza ukubwa wa sufuria tu.

Wiki iliyofuata dada alikwenda nyumbani kwa kaka na karatasi. Alikuwa amechora jiko, mdomo wake umegeukia mlangoni, bomba limepita nyuma na kupinda kuelekea dirishani. Aliipitisha chini ya mlango maana kaka hakufungua. Kaka aliikalia siku nne. Ya tano akachanganya udongo, akaenda kwa yule bibi, akavunja jiko alilolijenga mwenyewe kwa nyundo, akalijenga upya kufuata mchoro ule, bila kumwambia mtu ameutoa wapi. Bomba lilivuta vizuri. Bibi alipikia siku ya tatu. Mwaka ulipopita, katika majiko arobaini na mawili, yaliyokuwa ya moto asubuhi bila msaada wa maranda yalikuwa thelathini na manane. Mitaa mingine ikayataka, miji mingine ikayataka. Likaitwa Jiko la Fundi.

Tarehe 25 Novemba 1994 shirika lilimpa kaka cheti cha ubunifu chenye fremu ya kioo. Mkurugenzi alimwuliza mbele ya watu, "Fundi, tuambie, wazo hili ulilipataje?" Dada yake alikuwa amekaa mstari wa tatu. Kaka alimwona. Akasema, "Nilikaa tu, nikafikiria."

Dada akapiga makofi na wengine wote. Katika ripoti yake ya mwaka aliandika: "Fundi amegeuza mdomo wa jiko." Hakuandika zaidi ya hapo.

Cheti kimekaa ukutani miaka thelathini. Mtu angefikiri baada ya hapo wivu ungeisha, lakini uliota mizizi. Watu walisifia jiko, kisha wakauliza, "Na Kiganja hajambo?" Kila aliyesema Jiko la Fundi alikuwa akimchoma bila kujua. Walikuwa wanasemezana sasa, wanaalikana, watoto wa huyu wanalelewa na yule, lakini neno hilo hawakuligusa. Kaka aliomba Mungu dada yake akasirike hata mara moja, adai chake, wagombane yaishe. Hakudai.

Marehemu alistaafu mwaka 2018, akaendelea kufundisha vijana wa mashirika, bure, kwenye kibaraza chake. Februari 2022 aligunduliwa kuwa moyo wake umepanuka. Alitibiwa nyumbani na hospitali kwa zamu, mpaka tarehe 29 Septemba mwaka huu alipolazwa wodi ya nne, kitanda cha dirishani. Hata huko kaka alipanga foleni. Alifika akakuta kiti kimekaliwa na mama muuza mafuta, kesho yake na mama wa kioski, keshokutwa na mtu asiyemjua hata kwa sura. "Ngoja zamu yako, baba," aliambiwa pale mlangoni, naye ndiye aliyezaliwa naye tumbo moja.

Muuguzi mmoja akamuuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Kaka yake."

"Ahaa! Yule fundi! Anakutaja kila siku."

"Ananitajaje?"

"Anasema kaka yake ndiye aliyegeuza jiko."

Kaka alikwenda kukaa kwenye ngazi za nje kwa kitambo. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu. Akakaa, akavua kofia, akasema alichokuwa amekibeba miaka thelathini.

"Dada, lile wazo halikuwa langu. Nilisema uongo mbele yako. Lilikuwa lako."

Marehemu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Langu? Kaka, halikuwa langu. Lilikuwa la bibi na wenzake. Mimi niliandika tu, na wewe ukajenga." Kisha akacheka kidogo, pumzi ikamsumbua. "Masikini wee. Muda wote huu ulikuwa unanionea wivu kwa kitu ambacho sina?"

Kaka akabaki anaikunja kofia.

"Lile jiko la bibi," dada akasema, "bado linapikiwa?"

"Litakuwa linapikiwa. Nililijenga vizuri."

"Umekwenda?"

"Sijaenda."

"Basi nenda ukashike, uniambie."

Alikwenda siku ya Alhamisi, tarehe 10 Oktoba. Bibi alishafariki zamani, sasa anakaa mjukuu wake, yule aliyekuwa akitambaa. Kaka akaomba ruhusa, akaingia, akaweka kiganja juu ya jiko. Lilikuwa la baridi, baridi ya miezi. Pembeni palikuwa na mtungi wa gesi, na mjukuu alikuwa anapika hapo, ameutazama mlango. Ndani ya mdomo wa jiko kuku alikuwa ametaga.

Njia nzima ya kurudi alikuwa na majibu mawili mdomoni. Mgonjwa ni mgonjwa. Neno moja tu, "la moto", nani angelijua? Alikuwa tayari amewahi kuliwasha jiko lile lile kwa uongo, akiwa na nguvu na akiwa na wivu. Sasa alitaka kuliwasha kwa huruma. Aliingia wodini Ijumaa na bado hajaamua.

"Enhe?" dada akasema.

Kaka akakaa. Akatazama mikono yake. "La baridi," akasema. "Wana gesi. Mjukuu anasema gesi haina majivu, na anaiweka popote anapotaka. Kuku katagia ndani."

Akasubiri kuona uso wake unaanguka. Badala yake ule uso ukafunguka kama wa mtoto aliyepewa daftari jipya.

"Mayai mangapi?"

"Matano."

"Uliyahesabu?"

"Niliyahesabu."

"Na wewe umekuja ukaniambia." Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa daftari lake la mwisho, la buluu, na kalamu. "Andika basi. Tarehe kwanza."

Kaka alilishika daftari lile alilolitamani tangu mwaka 1965, na kwa herufi zake za darasa la nne aliandika: *Jiko la bibi. Baridi. Gesi. Mayai matano.* Dada akaliomba, akalisoma, akalisogeza karibu na pua yake, akalinusa, akamtazama.

"Halinuki msonobari," akasema.

Marehemu alifariki siku ya Jumapili, tarehe 13 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa kitini na kaka yake akiwa amesimama. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita na miezi saba kasoro siku moja. Hata hapa, ndugu, akiutazama umati huu, kaka hakuacha kuhesabu kwa macho na kujiuliza kama wa msiba wake utafika nusu. Aliagizwa asifiche, basi hafichi.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, wifi mmoja na kaka mmoja. Ameacha madaftari themanini na tisa, ambayo binti yake atayatunza, na moja ambalo hajapewa binti. Cheti cha mwaka 1994 kimeshushwa ukutani. Kiko mezani karibu na kitabu cha rambirambi, na nyuma yake pameandikwa jina la bibi na la kila mama aliyesema neno katika mkutano ule, kadiri daftari linavyoonyesha. Na ameacha majiko arobaini na moja ya mtaa wa kisimani ambayo hayajashikwa tangu alipostaafu. Kaka yake ataanza kuyapitia Jumatatu, polepole, miguu haina haraka tena. Hatakuja kwa miadi. Anawaomba wenye nyumba jambo moja tu, wasimwashie.

Dada, kiganja chako kimefanya kazi ya kutosha. Kipumzike sasa, nawe upumzike kwa amani.